Baada ya Asante

Ukutani, juu ya meza ya Bi Chapa, palikuwa na karatasi iliyobandikwa miaka thelathini na mmoja iliyopita. Jua la dirishani lilikuwa limeula wino wake hadi ukabaki rangi ya chai iliyopoa. Bosi wake aliiandika kwa mkono siku alipoanza kazi: *Nakala inaanzia kwenye swali la kwanza. Kikohozi, kicheko na kelele za nje haviandikwi. Nakala inaishia kwenye asante.*

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Bosi alikuwa mwanaanthropolojia, mtu wa kwenda kwa watu na kuwauliza wanavyoishi: wanavyogawana chumba kimoja watu saba, wanavyogombana na kupatana, wanavyolea, wanavyozika. Alitoka na mashine ndogo ya kurekodia, akarudi na kanda. Bi Chapa alivaa vipokea sauti, akaweka mguu kwenye pedeli ya kusimamisha kanda na kuirudisha nyuma, akaandika alichosikia neno kwa neno. Aliyehojiwa akifika kwenye asante, yeye aliinua mguu, akaitoa kanda, akaipa namba na kuitia kabatini.

Ofisini walikuwa watu watatu tu. Bosi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Kwanini, maana hakuna jibu lililowahi kumshibisha. Ukimwambia umechelewa kwa sababu ya mvua, atakuuliza kwa nini mvua hiyohiyo haikumchelewesha jirani yako. Wa pili Bi Chapa. Wa tatu mama mfagizi, aliyekuja asubuhi na kuondoka adhuhuri, na ambaye hakuwahi kukubali kwamba mle ndani kuna kazi inayofanyika.

"Sasa watu nao tunachambuliwa kama mchele?" aliuliza siku yake ya kwanza, ufagio mkononi.

"Anatafuta mawe," Bi Chapa alimjibu bila kugeuka.

"Basi aanze na mume wangu. Yule mchele hamna, ni mawe matupu."

Kitu kingine alichokisakama mama mfagizi ni kiti cha Bi Chapa. Vyombo vingine vyote vya ofisi vilikuwa vya kuungaunga, lakini kiti kile kilikuwa cha mbao nzito, chenye mgongo mrefu na mikono miwili iliyong'aa kwa kushikwashikwa. "Shikamoo hakimu," alisema kila alipokisogeza afagie chini yake. Hakuna aliyejua kilitoka wapi. Kilikuja tu siku moja, mwaka wa sita wa kazi, Mzee Kwanini amekibeba begani na shati limemlowa jasho. "Nimekiona mahali," alisema. Bi Chapa akasema asante, akakikalia.

Watu hudhani sikio la mtu huzaliwa naye. Sikio la Bi Chapa lilifundishwa. Baba yake alikuwa fundi saa, aliyefiwa na mke mapema, mwenye kibanda chembamba kilichojaa saa za ukutani pande zote, kila moja na mwendo wake. Watoto walikuwa watatu, Bi Chapa kitinda mimba, na ni yeye pekee aliyependa kushinda mle ndani. Alipofika miaka tisa, baba alimfumba macho kwa kiganja, akamwekea saa sikioni.

"Niambie inaumwa wapi."

"Inachechemea."

"Mguu gani?"

"Wa kulia. Inakanyaga tik kwa nguvu, tak inaigusagusa tu."

Baba aliifungua saa ile, akatazama, akacheka peke yake. Tangu siku hiyo hakumwita tena kwa jina lake. Alimwita Sikio. *Sikio, njoo. Sikio, hii imenishinda, isikilize wewe.* Bi Chapa alikaa kwenye stuli kando ya meza ya baba, ameinama, mwaka ukiingia mwaka ukitoka. Alipoanza kulalamika mgongo, baba alichukua kipande cha ubao na misumari minne, akaipigilia stuli ile egemeo, kisha akarudisha lenzi jichoni na kuendelea na kazi kama aliyemfukuza nzi.

Walikuja kugombana Bi Chapa akiwa na miaka ishirini na minne, alipopata kazi kwa Mzee Kwanini.

"Kazi gani hiyo?" baba aliuliza.

"Kusikiliza watu na kuandika wanachosema."

"Yaani umbea wenye mshahara."

"Baba, saa zimekwisha. Watu wananunua za betri, zikifa wanatupa jalalani. Tutakaa hapa tukisikiliza nini?"

Fundi hakuinua kichwa. Alikuwa na kibano mkononi, na kibano hakikutikisika. "Haya. Nenda. Lakini ukivuka mlango huo, usije kunirudia na habari za watu."

Aliuvuka. Mwaka ule wa kwanza alirudi mara mbili kumsalimia. Mara zote mbili baba aliitikia shikamoo yake na lenzi ikiwa jichoni, hakuivua. Mara ya tatu Bi Chapa alifika hadi kona ya mtaa, akasimama kidogo, akageuza njia.

Miaka ikapita. Mwaka wa sita wa kazi, Mzee Kwanini alikuwa akizunguka kwa mafundi ambao kazi zao zilikuwa zinakufa: wa viatu vya kushona kwa mkono, wa majiko ya mkaa, wa magodoro ya pamba. Asubuhi moja aliweka kanda mezani.

"Hii ya fundi saa. Mgumu huyo! Maneno yake ni ya kuhesabu."

Bi Chapa alivaa vipokea sauti, na kabla mtu hajasema neno, alizisikia. Saa kumi na nne. Alizijua zote, kila moja na kilema chake. Angeweza kumwambia bosi palepale kwamba huyu ni baba yangu, lakini aliona haya. Angeelezaje kwamba fundi huyo na binti yake wanakaa mji mmoja na hawasemezani? Akanyamaza, akaanza kuandika. Baba alieleza kuhusu springi, mafuta, vumbi. Kisha Mzee Kwanini akauliza: "Na watoto, fundi, unao wangapi?"

Palikuwa na kimya. Saa kumi na nne zilitembea ndani ya kimya kile.

"Wawili," alisema baba yake.

Bi Chapa alirudisha kanda nyuma. Wawili. Akairudisha tena. Wawili. Mara ya tatu hakuirudisha, maana sikio lake lilikuwa halijawahi kumdanganya. Aliandika *Wawili*, akaweka nukta. Akaendelea hadi Mzee Kwanini aliposema, "Asante sana, fundi," na baba akajibu, "Asante." Akainua mguu. Akaitoa kanda, akaiandika themanini na nane, akaifungia kabatini.

Hakwenda tena hata konani. Haukupita mwaka, dada yake akaja kumwambia kwamba baba ameanguka pale pale kibandani, na hakuinuka. Kwenye mazishi Bi Chapa alisimama nyuma kabisa, kama mtu aliyekuja kuzika kwa jirani.

"Ungekuja hata mara moja tu," dada alimwambia walipobaki wawili.

"Alisema ana watoto wawili."

"Alimwambia nani?"

"Aliiambia mashine."

Dada alimtazama, macho yamevimba. "Mdogo wangu, wewe unasikia mpaka unakuwa kiziwi."

Hayo yalikuwa miaka ishirini na mitano nyuma. Bi Chapa hakuolewa na fundi, hakununua saa ya ukutani, na kanda ya themanini na nane hakuigusa. Ila ziko adhuhuri, mama mfagizi akishaondoka na ofisi ikatulia, ambapo alijikuta ameweka kiganja juu ya macho yake mwenyewe na kusikiliza. Hakuwa akisikiliza kitu. Alikuwa akisubiri kuulizwa.

Mwaka huu Mzee Kwanini alitimiza miaka sabini na mitatu. Jengo lilikuwa linachukuliwa na wenyewe, na kanda zote zingekwenda kwenye nyumba ya kumbukumbu, mbali. Kabla ya hapo alitaka kumaliza kitabu chake cha mwisho, na sura ya mwisho ilikuwa imemkatalia. Aliitaka ihusu jinsi watu wanavyoagana.

"Mtazame mgeni," alimwambia Bi Chapa asubuhi moja, akitembea baina ya meza na dirisha. "Anakaa saa nzima anazungumza. Anasema haya, mimi naenda. Anaenda? Haendi. Anasimama mlangoni, na pale ndipo anakumbuka lililomleta. Mtu amekaa kwangu tangu asubuhi tunazungumzia hali ya hewa, ameshika kitasa ndiyo ananiambia mkewe ameondoka. Kwa nini?"

"Wewe ndiye mwenye kujua hayo."

"Nadhani akiwa amekaa, mtu anajibu. Jibu ni la aliyemuuliza, analitengeneza kama anavyotandika kitanda wageni wakija. Mlangoni ndipo anauliza, na swali ni lake mwenyewe. Ukitaka kumjua mtu, usishike majibu yake, shika alichouliza wakati unaondoka." Alisimama, akajipiga paji la uso. "Na mimi, miaka arobaini, nikifika mlangoni nimeshazima mashine!"

"Hukuzima zote," alisema Bi Chapa. "Kidole chako chepesi. Kuna kanda nilizitoa huku bado zinanong'ona."

"Kwa nini hukuniambia?"

Bi Chapa alinyoosha kidole ukutani. Mzee alivaa miwani, akasoma mwandiko wake mwenyewe, akacheka hadi akakohoa.

"Hicho kikohozi hakiandikwi," alisema Bi Chapa.

Wakapatana. Angezipitia kanda zote, mia mbili na kumi na moja, asikilize kile kilichobaki baada ya asante. Nyingi zilikuwa tupu, mvumo tu, kama maji ndani ya mtungi. Lakini hapa na pale palitokea mlango. Mwanamke aliyefua mashuka ya hospitali, ambaye ndani ya mahojiano alijisifu kwamba hachoki, mlangoni aliuliza: "Mwanangu, ukipita tena huku, si unaweza kuja hata bila mashine?" Mwenye bucha mmoja aliuliza kwa sauti ya chini kama watu wengine nao huota ndoto za ng'ombe. Mlinzi wa ghala aliuliza, "Nimejibu vizuri lakini?" Swali hilo la mlinzi Bi Chapa alilikuta mara tisa, kwa watu tisa tofauti: vijana na vikongwe, maskini na wenye nafasi. Nimejibu vizuri? Nimekufaa? Mzee Kwanini aliposoma orodha, alivua miwani, akaifuta na kuifuta.

"Binadamu bwana," alisema. "Anafungua moyo saa nzima, halafu anaogopa asije akakosa maksi."

Kisha akarudi kwenye orodha. "Themanini na saba. Themanini na tisa. Kwa nini themanini na nane haipo?"

"Nitaisikiliza."

"Gari la kumbukumbu linakuja Ijumaa."

"Najua, Mzee. Nimesema nitaisikiliza."

Alijua pia anachokiogopa. Aliitamani sauti ile kama mwenye kiu anavyoitamani sauti ya maji. Lakini neno lilikuwa lile lile, wawili, na kama baada ya asante palikuwa na jingine gumu kuliko hilo, asingekuwa na pa kulipeleka. Baba hayupo wa kumuuliza. Kanda ikishaondoka Ijumaa, hata kuogopa kwenyewe kutakuwa kumekwisha, na hilo nalo lilimtisha.

Alhamisi adhuhuri mama mfagizi aliaga, Mzee akatoka kununua kamba za kufungia maboksi. Bi Chapa aliitia kanda mashineni. Hakuanza mwanzo. Aliipeleka hadi kwenye asante ya baba yake, akakanyaga pedeli, na kwa mara ya kwanza katika kazi yake hakuinua mguu.

Saa zilitembea. Zipu ya mkoba ilifungwa, mashine ikiwa ndani, sauti zikawa kama zinatoka nyuma ya blanketi. Stuli iliburuzwa.

"Ngoja," baba alisema. "Saa yako hiyo ya mkononi inabaki nyuma."

"Umejuaje, fundi? Hujaitazama."

"Naisikia. Lete." Kimya. Mlio mdogo wa chuma. "Na hizi sauti zetu unazipeleka wapi?"

"Kuna dada ofisini. Ndiye anayesikiliza na kuandika."

"Anaweza?"

"Hakosei hata neno."

Kimya tena, kirefu. Bi Chapa alizihesabu saa: moja, tatu, saba. Ile ya kona, yenye mguu mbaya wa kulia, bado haikuwa imetengenezwa.

"Anakalia nini?" baba aliuliza.

"Nani, fundi?"

"Huyo dada. Akiandika. Anakalia nini?"

"Stuli tu. Ofisi yetu ndogo."

"Mtafutie kiti chenye mgongo."

"Kwa nini?"

"Wewe nawe, huchoki! Mtu wa kuinama tangu utoto mgongo unamwisha. Mtafutie chenye mgongo mrefu, wa mbao, siyo hivi vya plastiki vinavyolegea. Wala usimwambie umeambiwa. Haya, shika saa yako. Itakwenda sawa sasa."

Nyayo. Mlango. Saa kumi na nne zilififia moja moja, ukaingia mtaa, honi, watu, na mtaa ukaendelea hadi kanda ilipokata.

Bi Chapa alibaki ameshika mikono ya kiti. Miaka ishirini na mitano alikuwa ameegemea jibu, huku akilia kwamba hakuna aliyemjibu. Wawili baba aliwataja mezani, mbele ya mashine. Wa tatu alimtaja mlangoni. Yeye ndiye aliyekuwa ameinua mguu mapema. Laiti angengoja! Ulikuwa umebaki karibu mwaka mzima kabla baba hajaanguka, siku baada ya siku, na kutoka ofisini hadi kibandani ni mwendo wa kupika chai.

Mzee Kwanini aliporudi na kamba zake alimkuta hivyo. "Kwa..." alianza, akamwona uso, akaliacha neno lile hewani. Bi Chapa alimvisha vipokea sauti. Mzee alisikiliza amesimama, kamba mabegani.

"Kiti nilikikumbuka," alisema mwishowe. "Aliyekiagiza nilimsahau."

"Ni baba yangu."

Mkono wa mzee ulikwenda mfukoni kwenye daftari, kwa mazoea. Alilifungua. Akalifunga. "Ninaweza kuliandika hili?"

"Nitaliandika mimi," alisema Bi Chapa.

Akavuta meza. Aliandika kuanzia asante kwenda mbele, na safari hii hakuacha kitu: zipu, stuli, mlio wa chuma, mtaa. Palipokuwa na kimya aliandika kimya, akaandika na idadi ya saa zilizosikika ndani yake.

Ijumaa gari lilikuja, likapakia kabati. Mama mfagizi aliwapa mkono na kuwaambia kwamba sasa wakatafute kazi ya kweli, kisha akageuka haraka ili asionekane. Bi Chapa na Mzee Kwanini waliagana mezani, palipokuwa hapana meza tena. Wakaagana mlangoni. Mzee akamsindikiza hadi getini, wakaagana hapo pia, wakasimama wote wawili wakitazama viatu.

"Mzee," alisema Bi Chapa, "naomba nichukue kile kiti."

"Siku zote hizi tuko pamoja ndani, unakuja kuniambia getini? Kwa nini?"

Walitazamana, wakaangua kicheko hadi mlinzi wa jengo la jirani akachungulia.

Alikibeba mwenyewe, kichwani, miguu ikiwa juu. Mchukuzi mmoja mwenye mkokoteni alimfuata akimtania. "Mama, lete nikusaidie! Kiti ni cha kukaliwa, sasa mbona chenyewe ndicho kimekukalia?"

"Nimekikalia vya kutosha. Leo ni zamu yake."

"Haya bwana. Mkipatana mniite!"

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alifika kwenye ile kona, na safari hii hakugeuza njia. Kibanda cha baba yake sasa kiliuza simu na vifuniko vya simu, kuta zimepakwa rangi ya machungwa. Alikishusha kiti mbele ya mlango, pembeni kidogo asizuie wateja, akaketi.

"Karibu mama," alisema dada muuzaji. "Nikusaidie nini?"

"Napumzika tu, mwanangu. Sitakaa sana."

"Na kiti umekuja nacho mwenyewe?"

"Nimekuja nacho."

Dada yule alitabasamu, akarudi ndani kwenye shughuli zake. Bi Chapa aliegemea. Mbao zilimpokea mgongo pale pale zilipoupokea miaka yote. Aliinua kiganja, akajifumba macho, watu wakimpitia huku na huku. Ndani ya duka simu zilikuwa zimepangwa ukuta mzima, na hakuna hata moja iliyopiga tik wala tak. Aliendelea kusikiliza.